Kura za wajumbe au kura ya kila mwananchi: sisi wa Mtwara na Lindi, Rais apatikane vipi?

#1 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hii hoja imezagaa vijiweni kuanzia Shangani mpaka Chikongola, na kila nikiijibu kwa mdomo kesho yake naikuta palepale. Acha niiandike.

Wanaoileta wanasema hivi: mikoa ya kusini ina watu wachache, kura ya moja kwa moja inatumeza. Bora tuige Marekani, kila mkoa upewe idadi yake ya wajumbe, na hao wajumbe ndio wampigie Rais. Hapo Mtwara na Lindi tutatafutwa kwa tochi.

Kabla sijawapinga niwape haki yao, maana hesabu wanayo. Sensa ya 2022 inasema Mtwara tuko 1,634,947, Lindi 1,194,028. Tukiungana hatufiki hata milioni tatu kati ya Watanzania 61,741,120. Dar peke yake 5,383,728, Mwanza 3,699,872. Mgombea mvivu anaweza kuzunguka Kanda ya Ziwa na Dar, sisi tukamsikia redioni tu.

Sasa tazama majimbo. Uchaguzi wa 2020 mkoa wa Mtwara ulikuwa na majimbo 10: Mtwara Mjini, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala Mjini, Newala Vijijini, Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi na Nanyumbu. Dar nayo ilikuwa na 10! (2025 wakaongezewa Kivule na Chamazi, wakawa 12.) Gawanya mwenyewe: jimbo la Mtwara lina watu kama 163,000, la Dar lilikuwa na watu kama 538,000. Kwa hiyo wajumbe wa urais wakifuata majimbo, mtu mmoja wa Mangaka anakuwa na uzito wa watu watatu na ushee wa Mbagala. Nani asiyependa hilo?

Na Marekani ndivyo ilivyo hasa. Wajumbe ni 538, anayefikisha 270 ndiye Rais. Kila jimbo (kule jimbo ni kama mkoa kwetu, si jimbo la mbunge) linapata wajumbe sawa na wabunge wake wa mabaraza yote mawili, na kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili hata kama lina watu wachache kiasi gani, majimbo madogo yanapata nyongeza. Wyoming ina watu wasiofika laki sita na wajumbe 3. California ina watu kama milioni 39 na wajumbe 54. Ukigawanya, mtu wa Wyoming anamzidi wa California karibu mara nne.

Sasa niulize: lini mara ya mwisho mmesikia mgombea urais wa Marekani anahangaika Wyoming? Haendi. Anajua tayari nani atashinda kule. Anakwenda Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, Arizona, kwenye majimbo ambayo hayajulikani yataangukia wapi. Uzito wa kwenye karatasi haujawaletea watu wa Wyoming mgeni yeyote. Anayetafutwa kwa tochi si mdogo, ni asiyetabirika.

Kinachofanya hivyo ni utaratibu wa mshindi kuchukua vyote. Isipokuwa Maine na Nebraska, kwenye majimbo mengine yote aliyeongoza hata kwa kura moja anabeba wajumbe wote. Lilete kwetu. Mwaka 2015 Kilwa Kusini, Kilwa Kaskazini, Mchinga na Liwale walichagua wabunge wa CUF. Mtwara Mjini na Tandahimba vilevile CUF. Ndanda wakampa wa Chadema. Majimbo saba kati ya 18 ya mikoa yetu miwili. Ungekuwa ni mkoa mzima kuhesabiwa kwa aliyeongoza, mtu wa Kilwa aliyekwenda kinyume na mkoa wake angekuwa amepanga foleni bure. Si kwamba angeshindwa tu. Kura yake ingehesabiwa pale Lindi, halafu wajumbe wote wa mkoa wake wakampigie yuleyule aliyemkataa.

Matokeo yake mmeyaona. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kura zaidi ya laki tano nchi nzima, lakini Florida ikaamuliwa kwa tofauti ya kura 537 na Bush akaingia Ikulu. 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump karibu kura milioni 2.9, akashindwa, kwa sababu kwenye majimbo matatu alipungukiwa jumla ya kura zisizofika elfu themanini. Kabla ya hapo yalishatokea 1876 na 1888, na 1824 ndiyo kabisa, mwenye kura nyingi alinyimwa na Bunge.

Msimamo wangu: kura moja ya mtu iwe kura moja, ila mshindi apite nusu ya kura zote NA awe amekubalika sehemu nyingi za nchi. Hilo la pili ndilo dawa yetu sisi wa pembezoni. Nawasilisha.

#2 Nangurukuru Stendi

Wajumbe tena? Mkuu umesahau 2020 kwenye kura za maoni za CCM? Mtu kala nao ubwabwa usiku, asubuhi matokeo anaona kura mbili, na mke wake naye ni mjumbe. 😂

#3 Kuchele

Mleta mada nakuunga mkono, ila hukutaja mfano mkubwa kuliko wote. Mkapa. Mtu wa Lupaso, Masasi kwetu huku. 1995 kapata karibu asilimia 62 nchi nzima kwa kura ya moja kwa moja, akiwaacha Mrema, Lipumba na Cheyo. Kama mkoa mdogo ni mkosi, yeye alipitaje? Kura ya wananchi haijawahi kumuuliza mtu anatoka wapi.

#4 Babu Mikorosho

Vijana, mnaandika vizuri lakini tumbo lenu limeshiba. Mimi niko Nanyamba, nina mikorosho tangu hamjazaliwa.

2013 watu wa Mtwara walipoandamana kwamba gesi isitoke bila mkoa kufaidika, kura zetu zilisaidia nini? Bomba likaenda Dar. 2018 wabunge wa kusini walisimama wima kupigania ule ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao. Ikafutwa, hela yote ikaingia Mfuko Mkuu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu tuko wachache. Rais yeyote akipiga hesabu anaona kusini hata wote wakinuna, anashinda.

Sasa mtu akija na utaratibu wa kumpa mkorosho mmoja uzito wa mikorosho mitatu, mnaukataa kwa sababu ya Florida? Florida inalima nini?

Wamarekani si wajinga. Wamekaa na utaratibu ule tangu 1787. Kila jimbo lina heshima yake, nchi si soko ambalo mwenye kelele nyingi ndiye anauza. Mkiacha kila kitu kwa wingi wa watu, basi Rais atakuwa wa Dar, Mwanza na Tabora mpaka kiama.

#5 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Babu, shikamoo. Nakujibu kwa adabu ila sikuachii.

Ule mjadala wa ushuru wa 2018 ulikuwa Bungeni. Na Bungeni ndiko tulikokuwa na huo uzito unaoutaka. Mtwara majimbo 10 sawa na Dar, Lindi 8 kwa watu milioni moja na kitu. Tulikuwa na viti kuliko idadi ya watu wetu, wabunge wetu wakasema vizuri, na bado wakazidiwa. Kwa hiyo kama uzito wa viti ungekuwa dawa, mgonjwa angepona mwaka ule. Kilichokosekana ni Rais kuhitaji kitu kutoka kwetu. Na kwa mfumo wa wajumbe Rais hatahitaji chochote kutoka mkoa ambao anajua utampa, wala ambao anajua hautampa.

Kuhusu 1787, babu, historia ile inatugusa kuliko unavyodhani. Pale Philadelphia, walipokuwa wanaandika Katiba yao, kulikuwa na pendekezo la wananchi wachague Rais wenyewe, James Wilson alilisema mapema kabisa. James Madison akaeleza waziwazi tatizo: majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na watumwa wengi ambao hawapigi kura, kwa hiyo kwa kura ya wananchi yangezidiwa na kaskazini. Kwa wajumbe ikawezekana, kwa sababu wajumbe wanafuata wabunge, na wabunge walihesabiwa kwa kumchukua mtumwa kama tatu ya tano ya mtu. Mtumwa hapigi kura, lakini bwana wake anaongezewa uzito kwa kuwa naye. Virginia wakakalia urais miaka 32 kati ya 36 ya mwanzo. Mimi mtu ambaye mababu zangu walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje kuuzwa sina hamu ya kuazima kipimo hicho, hata wakinihesabu mara tatu.

Si sababu pekee, nakubali. Nchi ilikuwa kubwa, habari zinakwenda kwa farasi, mtu wa Georgia hamjui mgombea wa Massachusetts. Leo mtu wa Liwale anamwona mgombea kwenye simu kabla msafara haujavuka Mto Rufiji.

#6 Mbeba Boksi

Niko Pennsylvania mwaka wa kumi na kitu, mzaliwa wa Mnazi Mmoja Lindi. Kama hamjaishi jimbo lenye ushindani hamjui adha. Msimu wa uchaguzi kila tangazo la televisheni ni mgombea anamtukana mwenzake, simu inaita namba usizozijua, sanduku la barua limejaa makaratasi. Nina ndugu California, yeye mwaka uleule hajagongewa mlango hata na mtu mmoja. Uraia mmoja, uchaguzi mmoja, lakini mimi nabembelezwa kama mwali na yeye wanamchukulia ameshapiga.

Nyongeza kwa mleta mada: 2020 Biden alizidi kura milioni 7 nchi nzima, lakini ukiangalia Arizona, Georgia na Wisconsin, tofauti ya jumla ilikuwa kama kura 43,000 tu. Zingegeuka hizo, tungekuwa tunaongea mengine. 2024 Trump alishinda kote kuwili, kwa wajumbe 312 kwa 226 na kwa kura za wananchi, japo hakugusa nusu kamili, asilimia 49.8.

Na wanaodhani Wamarekani wanaupenda huu utaratibu: 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 338 dhidi ya 70 mabadiliko ya kuufuta. Seneti ikayazima mabadiliko hayo 1970. Sasa hivi majimbo kadhaa yana mapatano kwamba yatampa wajumbe wake mwenye kura nyingi za nchi nzima, ila mapatano yataanza kazi yakifikisha wajumbe 270. Maine ilipojiunga 2024 yalikuwa yamefika 209.

#7 Chumvi ya Mikindani

Mbona mnazunguka? Tufanye kama Afrika Kusini, Bunge limchague Rais, tuokoe hela za kampeni.

#8 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Mkuu, Thabo Mbeki aliondolewa na chama chake Septemba 2008 na mwananchi wa kawaida hakuulizwa kumwingiza wala kumtoa. Wao wanaona sawa. Mimi nikisimama juani nataka jina la Rais liwe kwenye karatasi yangu.

#9 Binti Kitangari

Kaka zangu, mnaongelea wajumbe kama kitu cha ng'ambo. Sisi wakulima wa Newala tunaishi nao.

Mkulima ni mwanachama wa AMCOS ya kijijini, yaani chama cha msingi cha ushirika. AMCOS zikiungana ndiyo chama kikuu, kinachosimamia maghala na minada ya korosho. Viongozi wa chama kikuu mimi siwapigii kura. Napiga kura ya wawakilishi wa AMCOS yangu, hao wawakilishi wanakwenda kwenye mkutano mkuu, huko ndiko wanakomchagua mwenyekiti na bodi. Ndiyo hao wajumbe wenu.

Chama gani na mwaka gani sitataja, ila niwaeleze nilichokiona kwa macho. Mkutano wa kijiji ulikuwa uwanja wa shule. Karatasi za kura zilikatwa kwenye daftari la msitari, kalamu mbili zinazunguka, watu wengi mno. Tukawachagua wawakilishi na tukawapa maneno mdomoni: fulani tumemchoka, pembejeo zilichelewa, salfa ilikuja maua yameshaungua kwa ubwiri. Mkampinge. Wakaitikia wote, mpaka na kiapo. Siku ya mkutano wakalala mjini usiku mmoja kabla. Kulipokucha, fulani akarudi kwenye kiti kwa kishindo. Wawakilishi wetu walirudi na kofia mpya na hadithi ndefu kwamba "hali ya kule ilikuwa ngumu kuielewa mkiwa hapa".

Tungewafanya nini? Kura ya siri. Hatujui hata nani alitugeuka.

Kwa hiyo ukiniambia Rais wa nchi achaguliwe na watu wanaolala mjini usiku mmoja kabla, mimi nakwambia nenda kapalilie.

#10 Mbeba Boksi

Dada, huku nako yapo. 2016 wajumbe saba walipigia watu wengine kabisa. Jimbo la Washington wajumbe watatu walimpa kura Colin Powell, ambaye hakuwa hata mgombea. 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema majimbo yanaruhusiwa kuwabana na kuwaadhibu, ila si majimbo yote yenye sheria hiyo.

#11 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Kuchele, nimerudi kwenye hoja yako ya Mkapa maana ni nzito na umeipita juu juu.

Mkapa hakuchaguliwa Oktoba 1995. Oktoba alithibitishwa. Alichaguliwa Julai, Dodoma, na mkutano mkuu wa CCM. Yalikuwa majina matatu: Kikwete, Mkapa na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza aliongoza Kikwete. Hakufika nusu. Msuya akatoka, wakarudia, na duru ya pili Mkapa akamshinda Kikwete.

Umeona mambo mawili hapo? La kwanza, nchi hii ina wajumbe wake tayari, na kwa miaka mingi wao ndio wamekuwa wanaamua. Wakati wa chama kimoja, kuanzia 1965 hadi 1990, mkutano mkuu ulikuwa unaleta jina moja na sisi tunaweka Ndiyo au Hapana. 2015 Membe wetu wa Mtama alifika kwenye majina matano, yalipochujwa kuwa matatu hakuwemo: yalibaki ya Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Mtu wa Rondo angempenda au angemchukia Membe, hakuulizwa.

La pili ndilo linaloniuma. Lingekuwa ni suala la nani ameongoza tu, Mkapa asingekuwa Rais. Kilichompandisha mtu wa Lupaso ni kanuni ya kupita nusu na kurudia pale asipopatikana. Katiba nayo wakati ule ilitaka hivyohivyo, mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura halali. Halafu mwaka 2000, Mkapa mwenyewe akiwa Ikulu, ikaja marekebisho ya 13 ya Katiba, sharti la nusu likaondolewa. Tangu hapo anayeongoza ameshinda, hata akiwa na asilimia 30. Chama kikamchuja mtu wao kwa chekeche jembamba, nchi ikabakiziwa la matundu makubwa.

#12 Wakili wa Kijiweni

Mleta mada yuko sahihi. Ni ibara ya 41(6): anatangazwa aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Hakuna duru ya pili Tanzania Bara wala Visiwani kwa urais wa Muungano. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka kurudisha zaidi ya asilimia 50, ikakwama pamoja na mchakato mzima.

Someni na 41(7), maana mnabishania namna ya kuhesabu na mnaacha nani anakagua hesabu. Tume ya Uchaguzi ikishatangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, Julai 2020 iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Bado kimekaa pale.

Wenzetu wa Malawi hapo jirani, uchaguzi wa 2019 Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38.57. Februari 2020 mahakama ikaufuta na kusema maneno "kura nyingi" kwenye Katiba yao maana yake ni zaidi ya nusu. Wakarudia Juni, Chakwera akapata 58.57. Sasa nambieni, bila mahakama ingewezekana? Hata mkiwa na wajumbe, hata mkiwa na kura ya moja kwa moja, bila mtu wa kukagua ni yaleyale.

#13 Nangurukuru Stendi

Wakili hapo umepiga msumari. Ila tusiende huko sana uzi utafungwa. 🙏

#14 Mpemba wa Chake

Assalaam alaykum. Naona mnagawana majimbo ya Mtwara na Dar kama vile nchi imeishia Feri. Hebu nitazamieni na hii. Zanzibar tuna majimbo 50 kwa watu 1,889,773. Jimbo moja watu kama 38,000. Wajumbe wenu wakifuata majimbo, sisi tunapata 50 kati ya 264 ya mwaka 2020. Karibu moja ya tano ya wajumbe wote kwa asilimia tatu ya watu. Mtu mmoja wa Konde atakuwa na uzito wa watu kumi na wanne wa Mbagala. Babu Mikorosho, wewe wa Nanyamba utakuwa chini yetu mara nne. Bado unautaka?

Mimi Mpemba nakwambieni msiufanye. Siku ya kwanza tu Rais akipatikana kwa kura za visiwani, Bara mtasema mmetawaliwa, na Muungano utakuwa taabuni. Sasa hivi mna mgombea mwenza ambaye lazima atoke upande wa pili wa Muungano na mgombea. Hiyo inatosha kidogo, japo na sisi tuna yetu ya kusema.

#15 Babu Mikorosho

Mpemba mwanangu hapo umenikamata vibaya. Mara kumi na nne hapana.

Lakini mleta mada hajanijibu la msingi. Amesema mshindi akubalike "sehemu nyingi za nchi". Ngapi? Nani anazihesabu? Maneno matamu hayo hata kwenye kampeni tunayasikia.

#16 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Babu, si maneno yangu, yanatumika kwa majirani. Kenya mshindi lazima apite nusu ya kura zote na pia apate angalau asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Nigeria anatakiwa awe na robo ya kura kwenye theluthi mbili ya majimbo yao 36 pamoja na Abuja. Kura zinabaki za wananchi, hakuna mjumbe wa kulala mjini, ila mtu hawezi kushinda kwa ngome yake peke yake.

Kwetu mikoa ni 31, ishirini na sita Bara na mitano Zanzibar. Napendekeza: zaidi ya nusu ya kura halali nchi nzima, na asilimia 25 kwenye mikoa 21. Mkoa unahesabika mmoja tu uwe Dar au Lindi. Mwenye asilimia 20 Lindi ana kazi ya kufanya Lindi, hata kama Lindi ni ya mpinzani wake, kwa sababu robo inapatikana bila kushinda. Kwa wajumbe asilimia 20 ni sawa na sifuri, unaondoka zako. Hapa asilimia 20 inakurudisha Nachingwea mara ya pili.

#17 Kuchele

Ikishindikana? Mtu kapata asilimia 55 ya kura lakini mikoa 19?

#18 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Duru ya pili, wawili wa juu, na hapo masharti ya mikoa yanaondoka, nusu inatosha. Najua mtasema gharama. Chama kilirudia kura Dodoma siku ileile na hakikufilisika. Nchi itajipanga.

#19 Babu Mikorosho

Ishirini na moja kati ya 31 maana yake kumi wanaachwa. Mimi nimeishi, nawajua hawa. Hao kumi tutakuwa sisi, Ruvuma na Katavi.

#20 Mtu wa Ligula (mleta mada)

Inawezekana, babu. Ila mgombea hajui mapema ni mikoa ipi kumi itamkatalia, kwa hiyo hawezi kuthubutu kutuacha wote. Wyoming inajulikana siku ya kwanza.

#21 Wakili wa Kijiweni

Angalizo dogo la kuandika. Mkiandika sheria msiseme "theluthi mbili ya mikoa", andikeni namba. Nigeria 1979 walikuwa na majimbo 19, sheria ikasema theluthi mbili, na theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shagari alikuwa na robo kwenye majimbo 12, la 13 hakufikisha. Awolowo akaenda mahakamani, ikaamuliwa kwamba theluthi mbili ya jimbo nayo inahesabika, Shagari akawa Rais, na ubishi ule haukuisha. Theluthi mbili ya 31 ni 20 na vipande. Andikeni 21 kwa tarakimu na kwa maneno.

#22 Babu Mikorosho

Andikeni basi. Ila hiyo 25 mimi naiona ndogo, mtu anaipata kwa kugawa fulana tu. Wekeni 30.

#23 Binti Kitangari

Babu, kwa 30 hata Mkapa wako angetoka jasho Kilimanjaro 1995, Mrema alikuwa nyumbani kule. Tubaki na 25.